Kununua na Kuingiza Samaki Wapya Bwawani Wakati wa Kipupwe

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mwenye bwawa dogo la nyumbani katika nyanda za kati, hususan wakazi wa Kibaigwa na maeneo mengine ya Wilaya ya Kongwa. Linahusu samaki wa kitoweo, yaani sato, perege na kambale, pamoja na samaki wa mapambo aina ya koi. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

1. kuamua kama ni busara kununua samaki sasa au kusubiri joto lirejee;
2. kumuuliza muuzaji maswali yanayostahili kabla ya kulipa;
3. kuwaingiza samaki majini bila kuwashtua wala kuwaambukiza waliomo;
4. kutunza ushahidi utakaomsaidia endapo samaki watakufa.

Kwa nini kipupwe kinahitaji somo lake

Katika nyanda za Dodoma, mahindi, mtama na alizeti huvunwa kuanzia mwezi Mei hadi Julai. Soko la nafaka la Kibaigwa huchangamka, na kaya nyingi hupata fedha ambazo hazikuwapo tangu msimu wa kupanda. Ni kawaida basi kwa mwenye bwawa kufikiria kununua vifaranga katika kipindi hicho. Tatizo ni kwamba msimu wa fedha huangukia katika msimu wa baridi. Mwezi Julai, joto la usiku mjini Dodoma hushuka kwa wastani hadi nyuzi joto 13 au 14, ilhali mchana hufikia 26 au zaidi. Bwawa lenye kina kifupi hufuata mabadiliko hayo kwa karibu: alfajiri huwa baridi sana, na alasiri huwa vuguvugu.

Samaki hana uwezo wa kujipasha joto mwilini. Joto la maji ndilo joto la mwili wake. Sato hukua vizuri katika maji ya nyuzi joto 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20, hupunguza kula na ukuaji wake hudorora. Yakikaribia 16, huacha kula kabisa. Na yakifika 10 hadi 12, hufa. Kambale naye hupenda maji yenye joto. Koi ni tofauti. Huyu ni wa ukoo wa samaki wa maji baridi, aliyezalishwa kwa rangi zake huko Niigata, Japani, na anaweza kustahimili maji baridi kuliko yoyote yatakayopatikana Kongwa. Hata hivyo, yeye pia huathiriwa na mabadiliko ya ghafla, na ana ugonjwa wake unaopenda maji ya ubaridi wa wastani, kama itakavyoelezwa.

Baridi ina upande wake mzuri pia. Maji baridi huhifadhi oksijeni nyingi kuliko maji ya moto: lita moja ya maji safi ya nyuzi joto 20, katika usawa wa bahari, hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, wakati ya nyuzi joto 30 hubeba takriban 7.5. Samaki waliopoa huvuta oksijeni kidogo na kutoa uchafu kidogo, hivyo safari huwa nyepesi kwao. Kwa maneno mengine, kipupwe ni msimu mzuri wa kumsafirisha samaki na msimu mbaya wa kumhamishia makazi. Samaki anaweza kufika akiwa hai na mchangamfu, kisha akafa siku ya nne au ya kumi. Hapo ndipo mgogoro kati ya mnunuzi na muuzaji huanza, kwa kuwa kila mmoja anaamini kosa ni la mwenzake.

Kilicho hatarini ni samaki waliomo tayari

Tuchukue mfano. Mnunuzi ana bwawa la mita 4 kwa 5, lenye samaki 40 wenye uzito wa gramu 300 kila mmoja. Hao ni kilo 12. Tukikadiria shilingi 10,000 kwa kilo, bwawani mna thamani ya shilingi 120,000. Anataka kuongeza vifaranga 60 kwa bei ya shilingi 250 kila kimoja, yaani shilingi 15,000. Vifaranga vyote vikifa, amepoteza shilingi 15,000. Lakini vikiingia na ugonjwa, anaweza kupoteza mara nane ya fedha hiyo, pamoja na kitoweo cha familia cha miezi kadhaa.

Hatari hiyo ni ya kweli. Mwezi Mei 2017, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa tahadhari kwa nchi zinazofuga samaki wa jamii ya perege na sato kuhusu kirusi kinachoitwa kirusi cha tilapia. Mwaka 2018, watafiti waliripoti kuona vinasaba vya kirusi hicho katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na upande wa Uganda. Kirusi hicho hakimdhuru binadamu anayekula samaki. Vifo vingi vinavyotokana nacho hutokea maji yanapokuwa na joto. Maana yake ni kwamba kifaranga chenye maambukizi kinaweza kuonekana kizima mwezi Julai na kuugua mwezi Oktoba.

Kwa koi, hali ni kinyume. Kirusi cha malengelenge ya koi, kilichojulikana baada ya vifo vya mwaka 1998 nchini Israeli na Marekani, huua zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi joto 17 na 26 hivi. Koi aliyekaa Dar es Salaam katika tangi la nyuzi joto 29 anaweza kubeba kirusi hicho bila dalili, kisha akaugua mara tu anapofikishwa kwenye bwawa la Kibaigwa lenye nyuzi joto 19. Katika hali zote mbili funzo ni moja: mabadiliko ya joto yanaweza kuficha au kufichua ugonjwa, na macho ya mnunuzi siku ya kununua hayatoshi. Kinga ya kuaminika ni kuwatenga wageni.

Je, ununue sasa au usubiri?

Nunua kipimajoto cha maji kabla ya kununua samaki. Pima maji ya bwawa lako kwa siku saba mfululizo, saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri, kwa kina cha nusu mita, na uandike majibu.

- Iwapo kipimo cha asubuhi hakishuki chini ya nyuzi joto 22, unaweza kuingiza sato, perege au kambale.
- Iwapo kipimo cha asubuhi kiko kati ya 18 na 22, subiri ikiwezekana. Kama huwezi kusubiri, watunze kwanza kwenye tangi lililo mahali penye jua na lililokingwa upepo.
- Iwapo kipimo cha asubuhi kiko chini ya 18, usinunue samaki wa kitoweo. Koi wanaweza kununuliwa, kwa sharti la kutengwa.

Kwa Kibaigwa, kusubiri hadi Septemba, usiku unapoanza kupata joto, kwa kawaida huwa ni uamuzi wa busara. Anayehofu kwamba fedha ya mavuno itakuwa imekwisha anaweza kuitumia sasa kwa mambo yasiyokufa: kuongeza kina cha bwawa hadi mita 1 au 1.2, kununua tangi la kutengea, wavu na chakula kidogo. Anaweza pia kumlipa muuzaji malipo ya awali kwa makubaliano ya kuchukua vifaranga Septemba. Katika hali hiyo, makubaliano yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili, yakitaja aina ya samaki, idadi, ukubwa, bei, tarehe ya kukabidhiwa, na namna fedha itakavyorudishwa endapo muuzaji atashindwa. Malipo ya awali yasiyo na maandishi ni vigumu kuyadai.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali haya:

1. *Samaki hawa wametoka wapi?* Vifaranga vya kituo cha kuzalishia, kama vile Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji cha Kingolwira, Morogoro, vina asili inayofahamika. Vifaranga vilivyovuliwa katika bwawa la Mtera au Hombolo na kuuzwa barabarani vinaweza kuwa na minyoo, chawa wa samaki, na mchanganyiko wa aina usizozitaka.
2. *Wana umri gani, na je, wametenganishwa kwa jinsia?* Sato wa kike na wa kiume wakichanganyika huzaliana upesi na bwawa hujaa samaki wadogo wasiokua. Kama unauziwa madume pekee, maneno hayo yawepo kwenye risiti.
3. *Maji wanamokaa yana joto gani leo?* Pima mwenyewe mbele yake.
4. *Wamekaa kwako muda gani, na je, kuna vifo katika wiki mbili zilizopita?*
5. *Mara ya mwisho wamelishwa lini?* Samaki wa kusafiri hapaswi kulishwa kwa saa 24 kabla ya safari, ili asichafue maji ya mfuko.
6. *Wakifa njiani au siku ya kwanza, utafidia vipi?* Baadhi ya wauzaji huongeza vifaranga kadhaa juu ya idadi iliyolipiwa. Hilo ni jambo jema, lakini haliondoi haja ya jibu lililoandikwa.

Kuhusu idadi, vifaranga vidogo mara nyingi hukadiriwa kwa kikombe cha chujio badala ya kuhesabiwa kimoja kimoja. Omba vikombe vitatu vihesabiwe mbele yako. Vikitoka 98, 104 na 86, wastani ni 96, wala si 100, na bei ifuate wastani huo.

Watazame samaki kwa utulivu. Mzima huogelea kwa nguvu na hukimbia kivuli cha mkono. Mwenye matatizo huelea juu akihema, hujisugua ukutani, hukunja mapezi, au ana vidonda, mabaka meupe kama pamba, macho yaliyozama au matamvua yaliyopauka. Ukiona hata wachache wa namna hiyo katika tangi moja, usinunue yeyote kutoka tangi hilo, hata ukipunguziwa bei.

Kuwaingiza majini hatua kwa hatua

Vijitabu vingi hushauri kuingiza samaki alfajiri au jioni. Ushauri huo unafaa wakati wa joto. Wakati wa kipupwe, saa 12 asubuhi ndipo bwawa huwa baridi kuliko wakati mwingine wote. Panga safari ili ufike kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri.

*Hatua ya kwanza.* Andaa tangi au pipa safi la lita 500 hadi 1,000. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa siku mbili. Maji ya kisima kirefu huwa na oksijeni kidogo. Yamwage kutoka juu kwa ndoo mara kadhaa, kisha yaache yatulie usiku mzima.

*Hatua ya pili.* Samaki wanapofika, pima joto la maji ya mfuko na la tangi. Kipimajoto kiguse nje ya mfuko uliokunjwa kukizunguka. Usifungue mfuko bado.

*Hatua ya tatu.* Eleza mfuko ukiwa umefungwa juu ya maji ya tangi kwa dakika 20 hadi 30, kivulini. Endelea hadi tofauti ya joto iwe nyuzi 2 au pungufu. Kama tofauti ya mwanzo inazidi nyuzi 5, chukua saa nzima.

*Hatua ya nne.* Fungua mfuko, ongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa dakika 10 hadi 15, kisha wahamishe samaki bila kukawia. Sababu ya haraka hii ni muhimu kuielewa. Safarini, pumzi ya samaki hujaza maji hewa ya kaboni, ambayo huyafanya yawe na uchachu na kuidhoofisha amonia itokanayo na uchafu wao. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka, uchachu hupungua, na amonia ileile hugeuka sumu kali. Kwa hiyo, subira yote ifanyike mfuko ukiwa umefungwa.

*Hatua ya tano.* Wachote kwa wavu laini. Usimimine maji ya mfuko katika tangi wala bwawani. Yamwage mbali, kwenye udongo mkavu.

*Hatua ya sita.* Ongeza chumvi ya mawe, gramu 3 kwa kila lita, yaani kilo 1.5 kwa tangi la lita 500. Igawanye mara tatu ndani ya siku moja. Chumvi hupunguza mshtuko na husaidia kuzuia fangasi, ambao hushambulia zaidi samaki aliyechubuka katika maji baridi.

*Hatua ya saba.* Usiwalishe siku ya kwanza. Kisha walishe kidogo, mchana tu, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika tano. Maji yakiwa chini ya nyuzi joto 20, punguza chakula kwa nusu. Yakifika 16, usiwalishe sato kabisa. Chakula kinachobaki huoza na kuchafua maji. Kwa wenye koi na chujio, zingatia pia kwamba bakteria wanaosafisha maji kwenye chujio hufanya kazi polepole wakati wa baridi. Ongeza samaki wachache kwa awamu.

*Hatua ya nane.* Watenge kwa wiki nne. Tumia wavu na ndoo zao pekee, na hudumia bwawa la zamani kwanza kabla ya tangi la wageni. Badilisha robo ya maji kila siku mbili au tatu kwa maji yenye joto linalolingana. Kama maji ya mwanzo yalitiwa chumvi, maji ya kubadilishia yatiwe kwa kipimo hichohicho hadi wiki ya kwanza iishe. Wiki nne zikipita bila vifo vya mfululizo wala dalili, wahamishie bwawani kwa kufuata utaratibu uleule wa joto. Vifaranga vidogo viwekwe kwanza ndani ya kizimba cha wavu, kwa kuwa samaki wakubwa huwala.

Wakiugua, wasiliana na afisa uvuvi wa Halmashauri kabla ya kununua dawa. Dawa za samaki wa mapambo zisitumike kwa samaki wa kitoweo. Vilevile, koi usiowahitaji wasitupwe mtoni wala kwenye malambo; wanaweza kueneza magonjwa na kuvuruga viumbe vya asili.

Haki zako na wajibu wako

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, humpa mnunuzi nafasi ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameipokea, na humruhusu kukataa idadi pungufu ya aliyoagiza. Mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia, na kutegemea ujuzi wake, anastahili bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo, tamka wazi: "Nahitaji samaki wa bwawa la Kibaigwa, na maji yangu asubuhi ni nyuzi joto 19." Muuzaji akikuhakikishia kwamba watafaa, kauli hiyo ni sehemu ya biashara. Ushindani usio wa haki na udanganyifu kwa mlaji husimamiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Tunza yafuatayo:

- risiti yenye tarehe, jina la muuzaji, aina, idadi na bei;
- vipimo vitatu vya joto: maji ya muuzaji, maji ya mfuko ulipofika, na maji ya tangi lako;
- picha za mfuko kabla ya kufunguliwa, na idadi ya waliokufa ndani yake;
- daftari la vifo vya kila siku kwa wiki nne.

Daftari hilo halimlindi mnunuzi peke yake. Samaki waliokutwa wamekufa ndani ya mfuko huelekeza kwenye ufungaji au safari. Waliokufa ndani ya siku mbili baada ya kumwagwa kwenye maji yenye tofauti ya nyuzi 8 huelekeza kwa mnunuzi, na si haki kumdai muuzaji. Waliougua pamoja wiki ya pili, ilhali joto lilizingatiwa, huibua swali kuhusu afya yao tangu mwanzo.

Anza kwa kumjulisha muuzaji siku hiyohiyo, kwa maandishi au ujumbe wa simu. Msipoafikiana, mpelekee afisa uvuvi wa wilaya maelezo pamoja na samaki mmoja au wawili wanaoelekea kufa, wakiwa katika maji. Samaki aliyeoza hawezi kuchunguzwa. Lalamiko linalohusu udanganyifu wa aina, idadi au asili ya samaki liwasilishwe kwa Tume ya Ushindani likiambatanishwa na ushahidi huo.

Jipime

*1. Mnunuzi anafika nyumbani saa 1 asubuhi. Maji ya mfuko ni nyuzi joto 24, ya tangi ni 17. Afanye nini?* Auache mfuko ukiwa umefungwa mahali penye kivuli na pasipo na upepo hadi tangi lipate joto la mchana, kisha aanze kusawazisha. Kama safari ilikuwa ndefu na samaki wanaonekana kuchoka, apandishe joto la tangi taratibu kwa kuongeza maji ya moto yaliyoachwa siku mbili bila klorini, akipima mara kwa mara, kabla ya kuweka samaki ndani.

*2. Muuzaji anasema samaki wake hawahitaji kutengwa kwa sababu wanaonekana wazima. Je, anasema kweli?* Anaweza kuwa anasema anachokiona. Hata hivyo, kirusi kinaweza kufichwa na joto la maji, na uzima wa siku ya kununua hauthibitishi kitu.

*3. Ni kifaa gani kinunuliwe kabla ya samaki?* Kipimajoto. Ndicho kitakachomwambia mnunuzi kama anunue, namna ya kuingiza, na nani awajibike mambo yakiharibika.